Baba Aliyesimama Darajani: Filamu ya Noeli na Mahubiri Yetu

Kila mwaka, majuma ya Majilio yakifika, filamu za Noeli zinafika pamoja nayo. Zamani zilikuja katika makopo ya chuma na kuonyeshwa kwa mashine kwenye ukuta wa shule ya misioni. Leo zinakuja kwa televisheni na kwa simu, na mseminari anaweza kuzitazama chini ya blanketi. Hadithi zao zinafanana kama mapacha. Kuna jamaa yenye shida: baba hana kazi, au mama ni mjane, au nyumba iko karibu kuuzwa. Kuna mji mdogo ambamo watu wote wanajuana. Kuna theluji. Na usiku wa Noeli majirani wanaleta walicho nacho, watoto wanaimba, na mtazamaji anapangusa machozi.

Je, filamu za namna hii zina faida gani kwa padri, kwa katekista, kwa mseminari? Wengine wanasema: ni sukari tu, zinawaliza watu leo na kesho yake wamekwisha kusahau. Wengine wanasema: ni mafundisho mazuri ya upendo, tuzionyeshe katika parokia zote. Sisi tunafikiri kwamba hawa na wale wanahukumu upesi mno. Afadhali tuchukue filamu moja, ile ambayo nyingine nyingi zimeiiga, tuichungue kwa makini, halafu tuone tutakachokishika na tutakachokiacha. Ndivyo Kanisa lilivyotufundisha. Baba Mtakatifu Pius XI katika barua Vigilanti Cura ya mwaka 1936, na Pius XII katika Miranda Prorsus ya mwaka 1957, hawakuwakataza Wakristu sinema. Waliwataka wachague, na wafundishwe namna ya kutazama.

Filamu tunayoichagua inaitwa kwa Kiingereza It's a Wonderful Life. Wenye kusema Kifaransa wanaiita La vie est belle. Msomaji asiichanganye na filamu ya kwetu Kongo yenye jina hilohilo, ile ya mwaka 1987 ambamo Papa Wemba alicheza. Hii nyingine ilitengenezwa Marekani mwaka 1946, na aliyeiongoza ni Frank Capra. Capra hakuwa mtoto wa matajiri. Alizaliwa mwaka 1897 huko Bisacquino, katika kisiwa cha Sicilia, na mwaka 1903 wazazi wake walivuka bahari pamoja naye kwenda kutafuta maisha Marekani. Mchezaji mkubwa ni James Stewart, ambaye alikuwa ametoka vitani, kwa maana aliongoza ndege za mabomu juu ya Ulaya. Hadithi yenyewe iliandikwa na Philip Van Doren Stern. Alipokosa mtu wa kuichapisha, alichapisha mwenyewe nakala 200, akawapelekea rafiki zake mwaka 1943 kama kadi ya Noeli.

Filamu ilipotoka haikuleta faida. Mwaka 1947 polisi ya upelelezi ya Marekani, yaani FBI, iliandika katika taarifa zake kwamba inawaharibia jina watu wa mabanki. Mwaka 1974 wenye haki juu yake hawakuziandikisha upya haki hizo, basi vituo vya televisheni vikaanza kuionyesha tena na tena kila Noeli, nayo ikaingia katika kila nyumba ya nchi ile. Na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kukumbukwa; hii ilikuwa mojawapo. Basi hatupotezi wakati tukiitazama.

Hadithi yenyewe

George Bailey ni kijana wa mji mdogo uitwao Bedford Falls. Mji huo hauko katika ramani yoyote. Mafundi wa sinema ndio walioujenga. Hata theluji yake si theluji: ni povu la sabuni na la dawa ya kuzimia moto, nalo lilimwagwa wakati wa jua kali la California. Tunasema hivyo kusudi wasomaji wetu ambao hawajaona theluji wasifikiri wanakosa kitu cha lazima. Noeli haikai katika theluji.

Tangu utoto George ana hamu moja, kuondoka. Anataka kuona dunia, kujenga madaraja na majumba marefu. Lakini kila mara anapofunga sanduku lake, kuna jambo linalomzuia. Baba yake anakufa, naye anabaki kusudi kazi ya baba isife. Feza aliyoiweka kwa masomo yake anampa ndugu yake mdogo, Harry, asome kwanza; Harry anarudi ameoa, na baba mkwe amekwisha kumpa kazi mahali pengine. Vita vinakuja. Harry anakuwa shujaa wa ndege, lakini George hawezi kwenda, maana sikio lake la kushoto halisikii tangu siku ile ya utoto aliporuka katika maji ya barafu kumwokoa Harry huyohuyo.

Kazi ya baba yake ndiyo mzizi wa hadithi. Ni chama cha kuweka akiba na kukopeshana, kusudi watu wadogo wapate nyumba zao. Wasomaji wetu wanaojua likelemba au koperative ya akiba watakielewa mara moja. Kila mmoja anaweka kidogo kidogo. Akiba ya wote inampa mmoja uwezo wa kujenga. Naye anarudisha polepole kusudi mwingine ajenge. Adui wa Chama ni Bwana Potter, mzee tajiri mwenye banki na nyumba za kupangisha, ambaye anataka watu wote wakae katika vibanda vyake na kumlipa kila mwezi. Anawadharau zaidi Waitalia waliohamia mjini, anawatukana kwa sababu ya vitunguu saumu wanavyokula. Capra, mtoto wa Sicilia, bila shaka alijua uchungu wa maneno ya namna hiyo.

Siku George anapooa, hofu inawashika watu juu ya mabanki, nao wanakimbilia Chama kudai feza yao. George anawaeleza kwamba feza haimo katika sanduku: imo katika nyumba ya jirani, imekuwa kuta na paa. Potter naye ametangaza kwamba yuko tayari kununua haki zao kwa nusu ya bei. Hapo bibi arusi, Mary, anazitoa dola 2,000 walizoziweka kwa safari yao ya arusi. Mtu mmoja anadai zake zote, dola 242. Wengine, wakiisha kuelewa, wanaomba za kuwafikisha tu siku ile banki itakapofunguliwa: mmoja dola 20, mama mwingine dola 17 na nusu. Saa kumi na mbili ya jioni inapolia, zimebaki dola mbili, na Chama kingali hai.

Tunawaomba wasomaji wakiangalie vizuri kipande hiki, maana ndicho kinachobeba mwisho wote.

Miaka inapita. Siku ya mkesha wa Noeli, baba mdogo wa George, mzee msahaulifu aitwaye Billy, anakwenda banki kuweka dola 8,000 za Chama, na hapo anazipoteza. Kweli hazikupotea: amezifunga bila kujua ndani ya gazeti, na gazeti amelitia mikononi mwa Potter. Potter anaziona, na ananyamaza. Siku hiyohiyo mkaguzi wa hesabu amefika. George anaona mbele yake gereza na haya. Anarudi nyumbani, anawafokea watoto wanaojitayarisha kwa Noeli, anavunja vitu mbele ya macho yao. Anakwenda kwa Potter kuomba mkopo, mkononi ana hati ya bima ya maisha tu. Potter anamjibu kwamba basi thamani yake ni kubwa akifa kuliko akiwa hai. Anaingia baa, anasali sala fupi ya mtu asiyezoea kusali, na jibu la kwanza analolipata ni ngumi: mume wa mwalimu, ambaye George alikuwa amemtukana kwa simu, amemtambua. Basi anakwenda darajani, juu ya mto wenye barafu, kujiua.

Tunamjua baba huyu

Tusimame hapa kidogo. Mapadri na makatekista wanaosoma kurasa hizi wanamjua baba huyu. Si lazima awe darajani. Ni mwalimu ambaye mshahara wake haukulipwa, naye anachelewa kurudi nyumbani mkesha wa Noeli kwa sababu watoto watamtazama mikono. Ni mtunza sanduku wa chama aliyepungukiwa na feza asiyoiiba, naye hana mtu wa kumwamini. Anapiga kelele nyumbani, si kwa sababu ni mbaya, lakini kwa sababu ya haya. Siku ya sikukuu haonekani kanisani, nasi tunaandika katika daftari yetu: amelegea.

Filamu nyingi za Noeli zinatuonyesha maskini mwenye uso mtamu, asiyekasirika hata siku moja, anayengoja tu kusaidiwa. Huyo ni maskini wa picha. Capra ametuonyesha mwenye haya, ambaye uchungu wake unawaangukia watoto wake kwanza. Hapo filamu imesema kweli kuliko mahubiri mengi. Na swali lake ni swali la kazi yetu: mtu wa namna hii aambiwe nini? Tukichungua vizuri, tunaona kwamba filamu inatoa majibu matatu, nayo hayana uzito mmoja.

Jibu la kwanza: hesabu

Jibu la kwanza ni lile linalojulikana na wote. Malaika aitwaye Clarence anamwonyesha George mji wake jinsi ungalivyokuwa kama yeye hangalizaliwa. Mji umechukua jina la Potter. Harry alikufa katika barafu, kwa hiyo askari ambao angaliwaokoa vitani wamekufa nao. Mzee wa duka la dawa, ambaye siku ya msiba wa mtoto wake alitia sumu katika dawa bila kujua, na kijana George akamzuia, amefungwa gerezani miaka mingi. Waitalia hawana nyumba. Mama yake mwenyewe hamtambui. George anaelewa kwamba maisha yake, ambayo aliyaona ya bure, yalikuwa nguzo ya maisha ya wengine.

Fundisho hilo ni zuri. Wazee wetu walilijua kabla ya sinema: mtu ni watu. Kanisa nalo linatufundisha kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja. Katekista mwenye kuchoka, ambaye anafikiri kwamba miaka yake ishirini ya kufundisha watoto imepotea, atafaidika kulisikia.

Lakini tuseme wazi: jibu hilo halitoshi. Ni jibu la hesabu. Linasema: usijiue, maana kazi zako ni nyingi. Je, na yule ambaye kazi zake hazionekani? Mgonjwa aliyelala kitandani tangu utoto, ambaye hakumwokoa mtu katika barafu? Mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina? Mwizi aliyetubu jioni ya maisha yake, ambaye kweli mji ungalikuwa na amani zaidi bila yeye? Kama thamani ya mtu inatoka katika kazi zake, basi Potter amesema kweli, naye amekosa tu katika kuhesabu. Potter anamhesabu George kwa dola, malaika anamhesabu kwa watu aliowasaidia. Wote wawili wameshika daftari.

Noeli haina daftari. Mtoto ambaye wachungaji walimkuta Betlehemu alikuwa hajafanya neno lolote. Alikuwa hajaponya mtu, hajahubiri, hajafa msalabani. Alilala tu. Na malaika wa Mtakatifu Luka waliimba juu yake. Hapo ndipo mhubiri anapaswa kupita mbele ya filamu. Asimwambie mwenye kukata tamaa: angalia matendo yako. Amwambie: ulipendwa kabla hujatenda neno.

Jibu la pili: majirani

Jibu la pili ni lile la mwisho wa filamu. Mke wa George amezunguka mjini na kuwaambia watu kwamba mume wake yumo katika shida. Wanakuja wengi, wanamwaga feza juu ya meza: walioomba dola kidogo siku ile ya hofu, Waitalia wenye nyumba mpya, mzee wa duka la dawa. Rafiki wa zamani anapeleka simu ya maandishi kutoka mbali kuahidi mkopo wa hata dola 25,000. Mkaguzi wa hesabu anatoa na yeye. Polisi anapasua hati ya kumkamata George. Na jambo kubwa ni hili: hawakuuliza. Hakuna aliyesema: kwanza tueleze dola 8,000 zilikwenda wapi.

Juu ya mwisho huo tuna maneno matatu.

La kwanza. Watu wengi wanasema kwamba filamu inafundisha hivi: tenda mema, na feza itarudi. Wahubiri wa siku hizi wanaoahidi kwamba mwenye kutoa dola kumi atapokea mia wangaliifurahia. Lakini hawakutazama vizuri. George anapata furaha yake kabla ya kuona feza. Anatoka darajani akikimbia katika theluji, anasalimu nyumba za mji, anamtakia hata Potter Noeli njema. Nyumbani wanamngoja na hati ya kumkamata, naye anaifurahia kama barua ya rafiki. Bado anafikiri kwamba atalala gerezani, lakini amekwisha kupona. Feza inamkuta mtu mzima tayari. Mwenye kuhubiri kinyume cha hapo ameipotosha filamu, na Evanjili pia.

La pili. Wema wa usiku ule haukuanguka kutoka juu pamoja na theluji. Ulilimwa miaka mingi. Tumekwisha kuona siku ya hofu, wakati watu walipojifunza kuomba dola 17 na nusu badala ya kudai zote. Chama kiliwazoeza kuaminiana. Kila nyumba iliyojengwa ilikuwa somo. Filamu nyingi zilizokuja baadaye zimeusahau ukweli huo. Siku hizi kituo kimoja cha televisheni cha Marekani, Hallmark, kinatoa filamu mpya nyingi kila Noeli, na katika nyingi miongoni mwake mtu wa mji mkubwa anafika katika mji mdogo, anakuta watu wema, anapata mchumba. Wema wao uko tayari kama mkate dukani. Hatujui ni nani aliyeuoka, wala ulimgharimu nani. Hizo kweli ni sukari.

La tatu. Mary ndiye aliyevunja kimya. George alimficha hata mke wake. Haya ilimfunga mdomo, na kidogo imuue. Majirani walikuwa tayari tangu asubuhi, lakini hawakujua. Mara ngapi katika parokia zetu jamaa inaanguka peke yake, si kwa kukosa majirani wema, lakini kwa kukosa mtu wa kuwaambia? Kazi hiyo ya Mary ni kazi ya katekista, ya mama wa jumuiya, ya padri mwenye kutembelea nyumba. Wafanye kwa busara, bila kuwaaibisha watu.

Jibu la tatu: maji

Jibu la tatu ni fupi, na watazamaji wengi wanalipita. Kwa kweli linatangulia yale mengine mawili. George yuko juu ya daraja, anataka kuruka. Malaika hamhubirii. Hamshiki mkono. Anaruka yeye kwanza ndani ya maji na kupiga kelele aokolewe. George, ambaye nukta moja mbele alitaka kufa, anamfuata mtoni, si kwa kufa, lakini kwa kumwokoa.

Sisi tunaona kwamba katika kipande hiki kidogo ndimo Noeli yote ilimo. Angaliweza kuja na nguvu na mwanga. Amekuja kama mtu anayehitaji msaada. Amemwokoa mwenye kupotea kwa kukubali kuokolewa naye. Je, Mungu alifanyaje? Hakutupigia kelele kutoka ng'ambo. Aliingia katika maji yetu, akawa mtoto mwenye kuhitaji maziwa na nguo na mikono ya Yozefu. Aliwafanya wachungaji maskini kuwa watu ambao Mungu anawahitaji. Jibu hili linamfikia hata yule asiye na kazi za kuhesabu, maana halimwulizi alifanya nini jana. Linamwambia: niko hapa, ninakuhitaji leo.

Makosa ya filamu

Tusifiche makosa. Kwanza, Clarence alikuwa mtu aliyekufa, naye anafanya kazi kusudi apate mabawa. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Malaika waliumbwa malaika. Mtu akifa anabaki mtu, na anangoja ufufuko wa mwili wake. Katekista asahihishe jambo hilo, kwa maana watoto wanashika mambo ya sinema kuliko ya katekisimu.

Pili, maisha mabaya ambayo filamu inampa Mary kama George hangalizaliwa ni haya: hakuolewa, anafanya kazi katika nyumba ya vitabu. Filamu inatuonyesha jambo hilo kama msiba wa kutisha. Masista wetu watacheka, na wana haki.

Tatu, katika mji huo mwema mtu mweusi tunayemfahamu kwa jina ni mmoja tu, Annie, mpishi wa wazazi wa George. Mwishoni na yeye anatoa akiba yake, na filamu inamtia maneno ya kuchekesha mdomoni. Hatuonyeshwi nyumba yake wala watu wake. Mwitalia amepata nyumba na baraka. Annie amepata jiko. Msomaji Mwafrika ataliona hilo bila kuambiwa, na ni vizuri tuliseme: wema wa mji mdogo mara nyingi una ukuta, na aliye nje ya ukuta anaombwa mchango vilevile.

Nne, hatuwaoni Wakristu hao usiku ule wakienda kanisani. Mwanzoni mwa filamu sala zinapanda mbinguni kwa ajili ya George, na yule Mwitalia anawaita Yozefu, Yezu na Maria. Mwishoni wanaimba wimbo wa Noeli. Lakini kati ya sala ile na wimbo ule, Mtoto mwenyewe hana nafasi kubwa.

Wengine wanaongeza kosa la tano: Potter anabaki na dola 8,000, hapati adhabu, wala hatubu. Sisi hatuliiti kosa. Tulinganishe na hadithi ya Dickens ya mwaka 1843 juu ya mzee bahili Scrooge, ambayo Waingereza waliifanyia filamu nzuri mwaka 1951. Pale tajiri anaongoka, na jamaa ya mfanyakazi wake inapata nafuu kwa sababu moyo wa tajiri umelainika. Ni hadithi nzuri, na tunawaombea matajiri wote neema hiyo. Lakini kwa Capra tajiri haongoki, na msaada unatoka kwa mdogo kwenda kwa mdogo. Maskini hawakungoja Potter abadilike kusudi waanze kupendana. Hata hivyo padri asisahau kusema kwamba haki haijatimizwa. Dola zile ni za wizi, na vikapu vya majirani havikuufuta. Sadaka haichukui nafasi ya haki.

Namna ya kuionyesha

Basi tunawashauri nini ndugu zetu walio na mashine na umeme? Waionyeshe nzima. Ina saa mbili na zaidi, na wengi watataka kuruka mpaka mwisho wenye machozi. Wasikubali. Mwisho bila siku ya hofu ni mavuno bila shamba.

Kisha, George anapofika darajani, wasimamishe picha na kuuliza watu: ninyi mngalimwambia nini? Wangoje. Majibu watakayoyasikia yatawafundisha juu ya parokia yao kuliko ripoti za mwaka. Pengine baba mmoja hatajibu neno, lakini atabaki nyuma wengine wakiisha kutoka. Huyo asiachwe aende peke yake usiku ule.

Mwishowe, machozi yasiachwe yakauke bure. Pius XII alijua nguvu ya sinema juu ya moyo. Lakini moyo ukiguswa na mkono usipofanya kazi, kesho yake moyo umekuwa mgumu zaidi. Kama jumuiya ina chama cha akiba, kitazamwe juma lile: je, hesabu zake ni safi? Je, anayekitunza ana mwenzake wa kumsaidia, au ameachwa peke yake na sanduku kama yule mzee Billy? Kama jumuiya haina chama, waanze na kidogo. Na majina ya jamaa zenye shida yajulikane kabla ya tarehe 24 Desemba, si baada yake, kusudi padri anapolibeba sanamu la Mtoto kwenda katika pango, awe amekwisha kupita nyumbani kwa yule baba asiyetaka kuonekana, na kumwomba aje asaidie kulijenga pango lenyewe. Maana huenda mtu huyo amechoka kupewa. Amwambie kwamba anahitajiwa.